Pumzi ya Tarumbeta

Tarehe 3 Juni

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva wa lori la vitambaa akukabidhi mkononi. Simu niliyonayo ni ya ofisi, na sijui nani mwingine anasoma ninayoyaandika humo. Pengine hakuna. Lakini unanijua: mimi nikifunga mlango narudi kuujaribu, nikifika kwenye ngazi narudi tena.

Nina habari njema. Majibu ya kipimo cha pumzi yamefika hapa makao makuu, na idara yenu ya rangi imezishinda idara zote za kiwanda. Mkuu wangu, Mkuu wa Mafao na Ustawi, aliyasoma kwa sauti mbele yetu akipiga meza kwa furaha. Mimi nilikutafuta wewe kabla ya mtu mwingine. Kifua chako ni cha mkimbiaji, mama mdogo. Ilibidi nijifanye nimeangusha kalamu ili niiname chini ya meza nifute macho. Utoto wangu wote nimelala nikisikiliza kikohozi chako upande wa pili wa ukuta. Kumbe umepona na hukuniambia.

Basi kadi yako ya matibabu itabaki ya kijani, yaani matibabu kamili, dawa ya kuvuta, na kitanda hospitalini ukihitaji. Wanaoshindwa kipimo wanapewa ya njano, nusu ya matibabu, na lazima wahudhurie mafunzo ya kujitunza. Mkuu anasema mgonjwa mara nyingi ni mtu asiyejipenda.

Ameniagiza niwaandikie barua ya pongezi. Nimeiandika kwa uangalifu na kusaini chini, kwa niaba yake. Hapa mimi husaini kila kitu kwa niaba yake. Sina hakika kama saini yangu mwenyewe bado naikumbuka.

Mwanao,
Karani wa Mafao


Tarehe 11 Juni

Mwanangu karani,

Marahaba. Barua imefika imekunjamana, dereva ameikalia njia nzima, na ameomba radhi kwa niaba ya makalio yake. Naona kila mtu siku hizi anafanya mambo kwa niaba.

Pongezi zenu tumezibandika ukutani, karibu na lile bango la mwanamke mwenye meno mengi anayekula tufaha. Pumua, Tabasamu, Zalisha. Mvuke umeshaanza kulibandua, limebaki Tabasamu peke yake.

Asubuhi tunafanya mazoezi uani kabla ya kuingia. Kijana mwenye filimbi anatuambia tuinue magoti. Yule mpishi wetu wa rangi, mnene, tunayemwita Bwana Pipa, aliinua goti moja akasema hili la pili lina mkataba wake na lazima liulizwe kwanza. Tukacheka mpaka tukakohoa, tukakohoa mpaka kijana wa filimbi akaandika kwamba tumefanya mazoezi ya nguvu.

Kuhusu kifua changu usiwe na wasiwasi. Sisi wa idara ya rangi tunapumua kwa ushirikiano.

Feni ya kutoa mvuke bado ni maiti. Madirisha nayo hayafunguliwi, ati upepo unatia madoa kwenye kitambaa. Mikono yangu mwezi huu ni ya kijani, wewe uliizoea ya bluu.

Unakula? Usinijibu kwamba ndiyo. Niambie umekula nini.

Mama yako mdogo


Tarehe 2 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Nakula wali na maharage. Na chai.

Nakuandikia jambo ambalo halijatangazwa, kwa hiyo tafadhali ukimaliza kuisoma uichane. Mkuu ameamua kwamba kuanzia Septemba matibabu ya kifua yataondolewa kwenye mpango wa afya wa kiwanda kizima. Dawa ya kuvuta, picha za mapafu, kulazwa, vyote. Alitueleza sababu akiwa amesimama, kama mwalimu. Idara yenye mvuke mwingi kuliko zote ndiyo yenye mapafu bora kuliko zote. Basi, akasema, mvuke wa rangi haumdhuru mtu, na anayekohoa katika idara nyingine ajiulize anaishije nyumbani kwake. Feni mpya haitanunuliwa. Badala yake kutajengwa ukumbi wa mazoezi wenye vioo ukutani.

Nyinyi mtapewa Kikombe cha Afya. Mkuu atakileta mwenyewe tarehe 10 Agosti, pamoja na wageni na mpiga picha, na mtapuliza kile kipimo mbele yao, mmoja mmoja, ili wageni waone. Mialiko nimepewa mimi niiandike.

Nilipomsikia niliogopa. Nilikufikiria wewe kwanza. Kisha nikakumbuka majibu yako, nikatulia. Nawahurumia wale wa kusokota nyuzi, maana wengi wao wana kadi ya njano tayari. Lakini namshukuru Mungu kwamba hili wewe halikugusi.

Mwanao


Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Mimi sijawahi kukipuliza hicho kipimo. Sijakigusa hata kwa kidole.

Sikiliza jinsi kazi hii inavyofanyika. Muuguzi wa kliniki ya kiwanda akija kutupima haingii chumba cha rangi. Anaketi nje, chini ya dirisha la stoo, kitambaa puani. Anasema humo ndani hawezi, ana pumu. Muuguzi! Basi kipimo kinaletwa ndani na msimamizi wetu, kwa sababu mapipa hayasimamishwi na kila mtu anapimwa alipo. Na msimamizi naye ni mtu, mke wake anafanya kazi hapa hapa, pipa la nne.

Mara ya kwanza walianza na wawili wetu tu, wakashindwa wakapewa kadi ya njano. Mmoja unamjua, yule jirani yetu aliyekuwa akikushonea sare za shule. Alikwenda dukani kununua dawa yake ya kuvuta kwa pesa zake, akaambiwa bei, akarudi bila dawa. Tulimzika mwezi wa tatu. Nilikuambia ni homa kwa sababu wewe hulali ukisikia mambo.

Baada ya pale tukasema basi. Tunaye mwenzetu aliyetoka ghalani mwaka huu, zamani alikuwa akipiga tarumbeta kwenye bendi, na jina limebaki hilo. Kifua chake kizima. Akawa anatupulizia wote. Tulimwomba apulize kwa adabu, huyu kidogo, yule kidogo zaidi, mambo yafanane na umri wa mtu. Lakini mpe mwanamume filimbi uone. Alikuwa anashindana na pumzi yake mwenyewe. Mimi mwenye miaka hamsini na kitu akanifanya mkimbiaji.

Tulidhani tumeziba tundu. Kumbe sisi wenyewe tumewapa nyundo.

Sasa umejua. Na usilie chini ya meza, watu watakuona.

Mama yako mdogo


Tarehe 13 Julai

Mama mdogo,

Nimeisoma barua yako chooni, mara nyingi. Kisha nimeichana vipande nikavitia mfukoni, na mpaka sasa ninatembea navyo kwa sababu sijui pa kuvitupa.

Nakuomba unisikilize. Mkisema ukweli, mtafukuzwa kazi wote kwa udanganyifu. Nimezisoma kanuni. Na msipousema, ifikapo Septemba hakuna dawa. Nimefikiri kila upande na nimeona mlango mmoja. Nafasi imetokea idara ya kufungasha, kwenye chumba kikavu chenye madirisha. Barua za uhamisho hupita mikononi mwangu nami huzisaini kwa niaba ya mkuu bila yeye kuzisoma. Nimekwisha kuiandika ya kwako. Iko kwenye droo, bado saini tu. Utatoka kwenye mvuke kabla ya sherehe, na siku ya kikombe hutakuwemo.

Kuhusu wengine, siku hiyo kipimo kinaweza kuharibika. Vitu huharibika. Wageni watapiga picha na kikombe, wataondoka.

Sikuwahi kufanya jambo kama hili maishani. Nalifanya kwa ajili yako. Sema ndiyo tu.

Mwanao


Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Hapana.

Najua ulivyoogopa kuiandika, na ninakupenda kwa kila herufi. Lakini fikiria. Mimi niko kufungasha, nimekaa dirishani napunga upepo kama bibi harusi, na mke wa msimamizi yuko pipa la nne anatafuta hewa. Macho yetu yatakutana wapi? Getini? Kazi ya rangi hushikwa na watu wawili wawili, huyu ananyanyua kitambaa na yule anakisukuma chini. Mmoja akiachia, mwenzake anaungua. Mimi sijawahi kuachia.

Na mambo ya kuharibu kipimo yaishie huko huko. Tumejificha vya kutosha. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na sisi kilio tumeshakisikia.

Tumekaa kikao, tumekubaliana. Siku ya kikombe tutapuliza. Kila mtu pumzi yake. Mbele ya mkuu wako, mbele ya mpiga picha, mmoja mmoja kama walivyotaka. Bwana Pipa alisema yeye akipuliza pale, hata kikombe chenyewe kitamwonea huruma. Tulicheka, lakini hakuna aliyekataa. Mwishoni msimamizi akasema atakishika kipimo yeye mwenyewe na hatamnong'oneza mtu.

Tunaogopa kitu kimoja. Wakiwa peke yao watatupuliza sisi. Watasema kipimo kibovu, watafunga mlango, kesho yake barua za kufukuzwa. Tunahitaji mtu pale ambaye si wa kwao. Serikali ina mkaguzi wa afya kazini, ofisi yake iko huko huko mjini kwenu. Hajakanyaga hapa tangu feni ilipokuwa hai. Umesema mialiko unaandika wewe.

Mwaliko mmoja, mwanangu. Sikuombi kingine.

Mama yako mdogo


Tarehe 27 Julai

Mama mdogo,

Siwezi. Orodha ya wageni imepitishwa na mkuu mwenyewe. Nikiongeza mtu watajua ni mimi, hapa hakuna karani mwingine. Nitapoteza kazi ambayo umeniwezesha kuipata kwa kusimama kwenye mvuke nusu ya maisha yako. Huoni kwamba ni kama kukitupa kifua chako baharini?

Nisamehe. Barua ya uhamisho bado iko kwenye droo.

Mwanao


Tarehe 1 Agosti

Mwanangu,

Sawa. Sijakasirika, kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili hiyo.

Ila uniondolee jambo moja kichwani. Mimi sikusimama kwenye mvuke ili upate kiti. Nilisimama ili uweze kusema. Kiti hata paka anapata.

Tutapuliza hivyo hivyo, mkaguzi aje asije.

Kula.

Mama yako mdogo


Tarehe 12 Agosti

Kwa Karani wa Mafao,
Makao Makuu

YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA

Tarehe 10 Agosti uongozi ulihudhuria sherehe ya kukabidhi Kikombe cha Afya kwa idara ya rangi. Mbele ya wageni waalikwa, wafanyakazi wa idara hiyo walipuliza kipimo cha pumzi na, mmoja baada ya mwingine, walishindwa kufikia kiwango cha chini. Mmoja aliketi sakafuni na kuhitaji msaada. Mfanyakazi anayejulikana kwa jina la utani la Tarumbeta, ambaye sasa imebainika alikuwa akiwapulizia wenzake, naye alipopuliza kwa zamu yake alishindwa, jambo ambalo linaonyesha wazi kwamba kundi zima lilikusudia kuiaibisha kampuni.

Aidha, alikuwepo mkaguzi wa afya kazini, ambaye hakuwa kwenye orodha niliyoipitisha. Mkaguzi huyo alidai kuingia chumba cha rangi, akakaa humo kwa muda, na alipotoka alifunga chumba hicho kwa amri ya maandishi. Alionyesha barua ya mwaliko kutoka ofisi hii.

Unatakiwa kueleza kwa maandishi ni kwa nini ulitumia mamlaka yangu kusaini mwaliko huo, na ni kwa nini hukutoa taarifa ya udanganyifu ulioendeshwa na watu ambao, nimearifiwa, mmoja wao ni ndugu yako.

Umesimamishwa kazi hadi maelezo yako yatakapopokelewa.

Mkuu wa Mafao na Ustawi


Tarehe 14 Agosti

Kwa Mkuu wa Mafao na Ustawi,

YAH: MAELEZO YANGU

Rejea barua yako ya tarehe 12 Agosti.

Sikutumia mamlaka yako. Nakuomba uutazame tena mwaliko wa mkaguzi. Mialiko ya wageni wengine nimeisaini kwa niaba yako, kama ulivyoagiza. Wa mkaguzi nimeusaini kwa niaba yangu mwenyewe. Tangu niajiriwe ni barua ya kwanza ya aina hiyo kutoka mezani kwangu. Hii ni ya pili.

Ndugu yangu uliyearifiwa habari zake ni mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mikono iliyokuwa ikinifunga vifungo vya sare ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko. Ningeweza kumhamisha idara kimya kimya, na barua ya kufanya hivyo niliiandika. Alikataa. Nimeichana.

Ni kweli kwamba idara ya rangi ilidanganya. Walidanganya kwa sababu mpango wetu unampunguzia matibabu mtu kwa kosa la kuugua. Ukimwadhibu mgonjwa, ugonjwa haupungui. Anajificha tu. Sisi tuliwafundisha kujificha, kisha tukawapa kikombe kwa kujificha vizuri, kisha tukautumia ukimya wao kuwanyang'anya dawa watu wa kiwanda kizima. Barua ya pongezi niliiandika mimi, naijua kila neno.

Unasema Tarumbeta alishindwa makusudi. Aliingia chumba cha rangi mwaka huu akiwa na kifua kilichowatosha watu wote wa idara yake. Naomba uifikirie miezi hiyo michache, kisha uwafikirie waliokaa humo miaka ishirini.

Muuguzi wetu hakuwahi kuingia mle ndani kwa sababu ya mvuke. Siku ya sherehe ulisimama mlangoni, na nimeambiwa ulikuwa umeshika leso. Mkaguzi aliingia. Siombi kusamehewa. Naomba uingie.

Nimeandika haya nikiwa na hofu, kama unavyoona kwenye mwandiko. Nimezaliwa mwoga, na sidhani kwamba nitabadilika. Lakini kuogopa kwangu si ushahidi kwamba nimekosea.

Nakala ya maelezo haya nimeipeleka kwa mkaguzi.

Karani wa Mafao
(mwenyewe)


Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Nakala uliyonitumia imefika, safari hii dereva aliiweka kifuani, ndani ya shati. Anasema barua ya kujieleza haikaliwi.

Nikuambie yaliyopo. Chumba cha rangi bado kimefungwa kwa amri, mpaka feni mpya ifungwe na madirisha yafunguke. Mafundi wameanza kuja. Ile habari ya kuondoa matibabu ya kifua mkaguzi ameisimamisha, hajaifuta, ameisimamisha, mpaka kila mfanyakazi apimwe na daktari wa nje. Hawajatufukuza. Wangetufukuza sote nani angepika rangi? Lakini wametupa adhabu yao. Wote tumepewa kadi ya njano.

Basi Bwana Pipa akachukua pini, akaibandika yake kifuani kama nishani. Asubuhi ya pili tulikuwa tumezibandika sote. Tumesimama getini, njano tupu, kama shamba la alizeti. Mlinzi akatuambia tuzitoe. Mke wa msimamizi akamjibu kwamba bango la hapo hapo getini linasema kadi ionekane wakati wote. Jana wale wa kusokota nyuzi wamekuja na zao. Na wanne wa kufungasha, wenye kadi za kijani, wamezirudisha mezani wakasema wapewe za njano, hizi haziendani na viatu. Kijana wa filimbi hajui tena amwambie nani ainue goti.

Mimi? Nakohoa. Nimekohoa barua hii yote, ila wewe huoni. Daktari wa nje amenisikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akanipa dawa na miadi mingine. Sitakuficha tena. Tarumbeta anatibiwa pamoja nami, tunaketi benchi moja, ananilaumu kwamba pumzi yake nimeimaliza mimi kwa kukimbia mbio nisizozijua.

Unaniambia umefukuzwa na hujui pa kwenda. Pa kwenda unapajua. Nafasi iko mbele ya lori, karibu na dereva, na chumba chako kiko vile vile. Mkaguzi ameuliza huyo karani yuko wapi. Nimemwambia anakuja.

Maelezo yako niliyasoma kwa sauti, sote tukiwa uani. Niliposoma pale pa mikono ya bluu nilishindwa, msimamizi akapokea akaendelea. Akasoma mpaka neno la mwisho. Kisha Tarumbeta akauliza, "Chini pale amesaini nani?"

Nikamwambia, "Amesaini mwenyewe."

Akaichukua karatasi, akaitazama sana ile saini iliyopinda.

"Basi na yeye amepuliza," akasema.

Mama yako